Unaenda Würzburg? Majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barabara inayopanda kilima cha Bugando inaitwa Wurzburg, na wengi wanaoipita kila siku hawajui kuwa hilo ni jina la mji wa Ujerumani, jimbo la Bavaria, kando ya mto Main. Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966. Urafiki huo ndio unaoleta mialiko ya parokia, ya hospitali na ya shule, na mialiko ndiyo iliyoleta maswali ya safari hii. Jina litamke karibu na "Vyurtsburg". Ukiwa na simu isiyo na ile ü, andika Wuerzburg, kwa kuwa Wajerumani wenyewe hubadilisha ü kuwa ue.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Nyegezi. Familia niliyofahamiana nayo kupitia parokia imenialika siku kumi, mwezi wa sita. Wameniandikia barua ya mwaliko, na naambiwa hiyo inatosha. Nianzie wapi, na lini?

Shikamoo, Mwalimu. Barua hiyo ni nzuri kuwa nayo lakini haitoshi, kwa sababu inaeleza unakwenda kwa nani, haielezi nani analipa. Hilo la pili ndilo afisa wa viza analolitafuta.

Kama wenyeji wako ndio watakaogharamia, waende ofisi ya wageni ya mji wao (kwao ni Ausländerbehörde) wakasaini hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Ada yake ni euro 29, na kipato chao hukaguliwa kabla ya hati kutolewa. Waitume kwa huduma ya vifurushi yenye namba ya ufuatiliaji, maana ubalozi hutaka hati halisi na nakala ya WhatsApp haifai. Isitolewe mapema mno pia. Ikizidi miezi sita kabla hujawasilisha maombi, huenda ikakataliwa.

Kama unajilipia, peleka taarifa ya benki ya miezi mitatu hadi sita pamoja na uthibitisho wa pensheni. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukwama. Akaunti imekaa na laki mbili miezi mitano, kisha wiki ya mwisho inaingia milioni nane. Anayesoma taarifa hiyo ataona fedha za kuazima, hata kama umeuza kiwanja chako halali kule Buswelu. Umeuza? Ambatanisha mkataba wa mauzo. Umechangiwa na watoto? Kila mmoja aandike barua na aambatanishe uthibitisho wa kutuma.

Kuhusu muda: maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na unaweza kufika 45. Kinachochelewesha zaidi ni kupata miadi, hasa kuelekea kiangazi cha Ulaya. Kwa safari ya mwezi wa sita, tafuta miadi Januari au Februari, uwasilishe kabla Aprili haijaisha. Anzia kwenye tovuti ya Ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na upuuze mtu anayekuuzia "nafasi" ya miadi. Utafika mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Kama uliwahi kutoa alama hizo kwa viza ya Schengen (viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya) ndani ya miezi 59 iliyopita zinaweza kutumika tena, ila liseme wakati wa kuomba.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; walio chini ya hapo hawalipi. Ukinyimwa, fedha hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakize walau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha ni milimita 35 kwa 45. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, itaje nchi zote za Schengen, na igharamie kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifariki. Angalia tarehe zake mwenyewe. Ndege ikiondoka Dar usiku wa tarehe 9 na kurudi tarehe 20, bima inayoanza 10 na kuisha 19 ni kasoro, na wakala aliyekuuzia hatakuwa nawe dirishani.

Tiketi ya ndege usiilipie kabla ya viza. Oda ya tiketi inatosha. Kwa mstaafu kuna jambo moja zaidi: huna barua ya mwajiri ya kuonyesha kwamba utarudi. Badala yake peleka nyaraka za nyumba au shamba, vyeti vya familia, na karatasi moja iliyoandikwa kawaida tu ikionyesha kila siku utakuwa wapi.

Mambo yakienda vibaya, soma sababu iliyowekewa alama kwenye barua ya kukataliwa. Ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua ya kulalamikia uamuzi ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kwenda mahakamani Berlin. Kwa ziara ya siku kumi, omba upya.

Nipo Kirumba. Nimeona nauli nafuu ya kwenda Frankfurt. Kutoka hapo nafikaje Würzburg, na je, ninunue tiketi ya treni kabisa mapema maana ni rahisi?

Kwanza hakikisha hiyo Frankfurt ni ipi. Kiwanja kikubwa ni Frankfurt am Main, alama yake FRA. Kuna kingine kinaitwa Frankfurt-Hahn, kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini. Kwenye treni nako ipo Frankfurt (Oder), mpakani na Poland, upande mwingine kabisa wa nchi. Chagua yenye (Main).

Toka FRA, treni za kasi za ICE kwenda Würzburg zinaondokea stesheni ya masafa marefu, Fernbahnhof, iliyoungana na Terminal 1. Ukishukia jengo lingine kuna usafiri wa bure wa kukuleta hapo. Usichanganye na Regionalbahnhof, iliyo chini ya jengo lenyewe, ambako hupita treni za mjini. Safari ya ICE ya moja kwa moja ni kama saa moja na nusu. Ukienda na treni za mikoa unabadilisha Frankfurt Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, na kutoka hapo peke yake ni karibu saa mbili.

Sasa hiyo tiketi rahisi. Inaitwa Sparpreis au Super Sparpreis na imefungwa kwenye treni moja. Ndege yako ikichelewa, au foleni ya pasipoti ikikushika, treni ikaenda, tiketi imekufa hapo hapo. Shirika la reli halihusiki na ndege. Pale mpakani wageni sasa huchukuliwa picha na alama za vidole kwenye mfumo mpya wa kuingia na kutoka, kwa hiyo foleni si ya kubahatisha. Siku ya kufika, acha saa tatu hadi nne kati ya kutua na treni, au lipia Flexpreis inayokuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo. Wengine hununua tiketi ya ndege inayojumuisha treni ndani yake. Siku ya kurudi tumia Sparpreis bila hofu, ila chagua treni inayokufikisha uwanjani saa nne kabla ya ndege. Treni za Ujerumani huchelewa sana siku hizi, sifa ya zamani isikudanganye. Ikitangazwa kwamba utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, ule ufungo unaondoka na unaweza kupanda treni nyingine.

Kiti hakimo ndani ya nauli, kinalipiwa pembeni. Mtoto wa miaka 6 hadi 14 anayefuatana na mtu mzima halipi nauli, lakini aandikwe kwenye tiketi wakati wa kununua.

Upande wa huku: Mwanza hadi Dar na Dar hadi Ulaya zikiwa tiketi mbili tofauti, mzigo utauchukua Dar na kuupeleka mwenyewe jengo la kimataifa, na ndege ya asubuhi ya Mwanza ikiahirishwa hakuna wa kukulipa ile kubwa. Lala Dar usiku mmoja. Ukipitia Amsterdam au mji mwingine wa Schengen, pasipoti inakaguliwa huko, si Frankfurt; chini ya saa mbili za kubadilisha ndege ni kujitafutia presha.

Natokea Nansio, Ukerewe. Dada yangu wa Würzburg ananiomba dagaa, sangara wa moshi, samli, maembe na asali. Nitanyang'anywa?

Dada, samli iache nyumbani. Nyama na maziwa, pamoja na vyote vinavyotokana navyo, haviingii Umoja wa Ulaya kwenye mzigo wa abiria kutoka nchi kama yetu, hata kijiko kimoja.

Samaki wana sheria yao, na imetupendelea sisi wa ziwani. Unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako binafsi, wakavu, wa moshi au waliopikwa. Wabichi wawe wametolewa matumbo. Kwa hiyo dagaa na sangara wanapita. Kinachowaponza watu ni ufungaji. Dagaa wakaushwe hasa, wasiwe na unyevu, maana wakikaa saa 20 ndani ya mfuko wa plastiki huvunda na nguo zote zinanuka. Funga kilo moja moja, mifuko miwili kila fungu, kisha weka kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko. Andika jina la samaki kwa Kiingereza au Kijerumani nje ya kila fungu. Sangara wa moshi mkate vipande vinavyoonekana wazi kuwa ni samaki. Kipande cheusi kisichoeleweka afisa atakidhania nyama ya porini, na hapo maswali hayaishi.

Asali isizidi kilo mbili. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo usijisumbue. Matunda yasiyodaiwa cheti ni machache: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Zawadi zote kwa jumla, kwa anayefika kwa ndege, zisizidi thamani ya euro 430. Una shaka na kitu? Pita mlango mwekundu wa forodha, wa wenye kitu cha kutangaza, ukaulize. Aliyeuliza hunyang'anywa tu, ila aliyekamatwa mlango wa kijani anaweza kupigwa faini.

Nafanya kazi idara ya eksirei hapa Mwanza. Nina siku tatu Würzburg baada ya mafunzo. Nisikose nini?

Wewe una deni la kulipa kwanza, na liko jirani na stesheni: Röntgenring namba 8. Katika jengo hilo Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya X jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, na mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Maabara yake ni makumbusho madogo yasiyo na kiingilio. Saa moja inakutosha, na nenda siku ya kazi kwa kuwa ni jengo la chuo. Wajerumani hawasemi eksirei, wanasema Röntgen.

Asubuhi ya siku ya pili uitenge yote kwa Residenz, jumba la maaskofu waliokuwa pia watawala wa nchi. Ujenzi ulianza 1720 chini ya Balthasar Neumann, na tangu 1981 limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Aprili hadi Oktoba hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Novemba hadi Machi ni saa nne hadi kumi na nusu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Fika mlango unapofunguliwa, kabla ya mabasi ya wageni wa meli za mtoni.

Ndani, usikimbilie vyumba vya dhahabu. Simama chini ya ngazi kuu. Vidato vyake ni vifupi na vipana, vimefanywa hivyo makusudi upande taratibu, na kwa kila hatua dari inakufungukia kipande kingine. Ni dari moja ya takriban mita 18 kwa 30 isiyo na nguzo hata moja katikati. Giovanni Battista Tiepolo, Mtaliano wa Venice, aliichora mwaka 1752 na 1753, akaweka mabara manne pembezoni. Amerika amempanda mamba, Asia tembo, na Afrika ni mwanamke juu ya ngamia aliyezungukwa na wafanyabiashara. Tiepolo hakufika Afrika. Hiyo aliyoichora ni ya kusimuliwa, na kwa mtu wa kwetu inafaa kutazamwa kwa muda mrefu kuliko wageni wengine wanavyofanya. Kisha geukia upande wa Ulaya umtafute Neumann mwenyewe, amevaa sare, amejiegemeza juu ya mzinga.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliuchoma mji kwa dakika zisizozidi 20. Watu wapatao 5,000 walikufa na karibu asilimia 90 ya mji wa kale ikateketea. Paa la jumba liliungua, dari ya Neumann ikasimama. Baadaye afisa wa Kimarekani, John Skilton, alihangaika kupata mbao za kuezeka paa la muda ili mvua isioshe ule mchoro. Ukitaka kuelewa mji ulivyokuwa, ingia chumba cha kumbukumbu kwenye jengo la Grafeneckart, halmashauri ya zamani, karibu na daraja. Kuna mfano wa mji wote ukiwa magofu. Kingi unachokiona mtaani na kukidhani cha kale kilijengwa upya baada ya hapo. Wasiojua hili hulalamika kwamba mji "hauna ukale wa kutosha", wakienda kutafuta nyumba za mbao za picha za kalenda. Hizo ziko Rothenburg ob der Tauber, kama saa moja na ushei kwa treni, ukibadilisha Steinach. Jihadhari usikate tiketi ya Rotenburg ya (Wümme), iko kaskazini huko.

Jioni kaa kwenye Alte Mainbrücke, daraja la kale la waenda kwa miguu lenye sanamu za watakatifu na wafalme pande zote mbili. Watu hununua bilauri ya mvinyo na kusimama hapo hapo wakitazama mto. Glasi ina amana, irudishe upewe fedha yako. Asiyekunywa aagize juisi ya zabibu.

Siku ya tatu panda ngome ya Marienberg, kama nusu saa kwa miguu kutoka darajani, mlima wa kweli lakini aliyezoea Bugando hatalalamika. Ukarabati mkubwa unaendelea na baadhi ya sehemu hufungwa. Kilichokupeleka ni mandhari ya mji kutoka juu, na hayo hayafungwi. Mkatoliki asiache kanisa kuu la Mtakatifu Kilian, mmisionari kutoka Ireland aliyeuawa mjini humo mwaka 689. Sikukuu yake ni 8 Julai, na wiki hiyo vyumba vya kulala hupanda bei.

Mama wa Musoma hapa. Nakwenda Desemba. Baridi ya huko inavaliwaje?

Januari wastani ni nyuzi moja hivi juu ya sifuri, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nguo nyingi nyepesi hushinda koti moja zito: fulana inayobana mwili, sweta la sufu, kisha koti linalozuia upepo na maji. Makoti mazuri yamejaa mitumba ya Mlango Mmoja. Kagua zipu na bitana kabla hujalipa. Viatu ndivyo visivyofaa kubahatisha. Viwe na soli nene yenye meno na nafasi ya soksi mbili, kwa kuwa kiatu kinachobana ndicho kinachogandisha vidole. Soko la Krismasi humalizika tarehe 23. Tarehe 24 maduka hufungwa mchana, 25 na 26 ni sikukuu, hivyo nunua chakula cha siku tatu mapema.

Sengerema. Nitembee na fedha taslimu au kadi? Na ni kweli Jumapili hakuna duka?

Vyote viwili. Kadi ya Visa au Mastercard inapokewa hotelini, kwenye treni na kwenye maduka makubwa, lakini mikate, choo cha stesheni na vibanda vidogo vinataka sarafu. Kabla ya kuondoka iambie benki yako kwamba utatumia kadi nje; kadi nyingi hufungwa siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Mashine ya fedha ikikuuliza kama ubadilishiwe kwa shilingi, kataa, chagua euro.

Jumapili ni kweli. Maduka ya Bavaria hufungwa, na siku nyingine mwisho ni saa mbili usiku. Waokaji mikate kadhaa hufungua asubuhi, na maduka ya ndani ya stesheni kuu yapo. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Ukinunua, soma neno "still", la sivyo utapata maji yenye gesi. Chupa nyingi za plastiki na makopo zina amana ya senti 25, unayoirudishiwa kwenye mashine ya dukani. Usiiponde chupa, mashine itaikataa.

Bukoba: nina wiki moja. Je, niunganishe Würzburg, Berlin na Paris?

Inawezekana, na utaona stesheni tatu vizuri sana. Kwa wiki moja baki Würzburg, uende Bamberg na Nuremberg kwa treni asubuhi na kurudi jioni; zote ni kama saa moja. Ukishikilia Paris, viza moja ya Schengen inatosha kwa zote, ila maombi yanapelekwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na oda za hoteli zilingane na hilo. Anayeomba kwa Wajerumani huku oda zake zinaonyesha usiku wanne Paris na miwili Würzburg hurudishwa dirishani.